Mpaka wa Mkono na Mtambo katika Ufumaji wa Harris Tweed

Kitambaa chochote kilichofumwa hutokana na nyuzi za aina mbili: mtande, yaani nyuzi zilizokazwa kwa urefu, na mshindio, yaani uzi unaopitishwa katikati ya mtande kutoka upande hadi upande. Mfumaji hurudia hatua tatu, ambazo ni kuutenganisha mtande ili njia ifunguke, kuupitisha mshindio katika njia hiyo, na kuupiga ili ubanane na uliotangulia. Mtambo uliopewa hataza na Edmund Cartwright nchini Uingereza mwaka 1785 ulikusudiwa kuziendesha hatua zote tatu kwa nguvu moja, na mitambo ya aina hiyo ilipoboreshwa na kuenea katika karne ya 19, wafumaji wa mikono wa Lancashire walipoteza riziki yao.

Katika visiwa vya Outer Hebrides, magharibi mwa Uskoti, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Sufu iliyofumwa na wakulima majumbani mwao, yaani Harris Tweed, ilipata soko miongoni mwa matajiri kuanzia miaka ya 1840, na sifa hiyo ikawavutia wauzaji wa bidhaa za kuiga, hata mwaka 1909 kikaundwa chama cha kuilinda kwa alama ya biashara. Hata hivyo, ulinzi huo haukumaanisha kuikataa mashine. Mwaka 1934 uzi uliosokotwa viwandani visiwani humo ulikubaliwa, na kitanda cha kufumia cha Hattersley, kilichoenea baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kilitekeleza hatua zote tatu mfumaji alipokanyaga pedali, huku mikono yake ikibaki kuunga nyuzi zilizokatika na kuweka uzi mpya.

Sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1993 iliuweka mpaka bayana: sufu lazima itiwe rangi, isokotwe na kukamilishwa visiwani, na kitambaa kifumwe kwa mkono na wakazi wa visiwa hivyo nyumbani kwao. Kwa hiyo neno “mkono” halielezi tena kiungo cha mwili, kwani kazi kubwa hufanywa na miguu. Linaeleza kwamba nguvu inayoendesha kitanda ni ya mfumaji, na kwamba kitanda chenyewe kiko kwake, si kiwandani.