Mkuju: Maji yapimwe kabla urani haijachimbwa

Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani katika eneo la Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, Julai 30, 2025. Mradi uliokuwa umelala kwa miaka kadhaa ukawa umeamka, na maswali ya zamani yakaamka nao: mionzi itafika Songea? Watoto watadhurika? Tutakuwa kama Chernobyl?

Hilo la mwisho lijibiwe kwanza. Chernobyl, mwaka 1986, na Fukushima, mwaka 2011, vilikuwa vinu vya kuzalisha umeme wa nyuklia. Mkuju hakuna kinu, kuna mwamba wenye urani. Katika urani inayotoka ardhini, ile aina inayopasuka na kutoa nguvu ni asilimia 0.7 tu, wakati vinu vingi vya umeme huhitaji iongezwe mpaka asilimia 3 hadi 5. Mgodi wa urani hauwezi kulipuka kama kinu, achilia mbali kama bomu. Nalisema mapema kwa sababu mwananchi akisimama mkutanoni kusema mgodi utalipuka, wataalamu hutabasamu, kisha hoja yake nzito inayofuata haisikilizwi. Na hoja nzito ipo.

Kwa nini mradi ulilala? Hapa wengi hukosea wakidhani ulisimamishwa na wanamazingira. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous usogezwe, eneo la mgodi likatolewa ndani ya hifadhi. Mwaka 2013 kampuni ya Mantra Tanzania ikapata leseni maalumu ya uchimbaji. Nyuma yake yupo Uranium One, tawi la shirika la nyuklia la Urusi, Rosatom. Kibali kilikuwepo, mwenye fedha alikuwepo. Kilichokosekana ni bei. Baada ya ajali ya Fukushima vinu vingi vilizimwa, na kufikia mwaka 2016 ratili moja ya urani iliuzwa chini ya dola 20. Januari 2024 bei ilipita dola 100. Kilichouamsha mradi ndicho hicho hicho kilichoulaza.

Sasa tuje kwenye mwili wa binadamu. Urani hutoa zaidi mionzi ya alfa, ambayo ni dhaifu kiasi kwamba ngozi huizuia. Anayeshika jiwe lenye urani kwa dakika chache hapati dhara la maana. Mambo hubadilika urani inapoingia ndani, kwa vumbi au kwa maji ya kunywa. Tena, katika maji, kinachowahi kudhuru si mionzi, ni sumu ya kikemia: urani ni metali nzito kama risasi, na kiungo kinachoumia kwanza ni figo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 30 za urani kwa lita moja ya maji ya kunywa. Maji yenye urani hayana rangi, harufu wala ladha ya kumshtua mtu. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani, urani hubaki pale pale.

Hatari ya pili inamhusu mchimbaji. Urani inapooza polepole huzaa radiamu, na radiamu huzaa gesi iitwayo radoni. Gesi hii ikivutwa, mabaki yake hunasa mapafuni. Duniani radoni ni miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu baada ya sigara, na viwili hivyo vikikutana kwa mtu mmoja, hatari haijumlishwi tu, inazidi. Marekani ilijifunza kwa gharama: Wanavajo waliochimba urani katikati ya karne iliyopita, kwenye mashimo yasiyopitisha hewa vizuri na bila kuambiwa ukweli, walikufa kwa saratani hiyo kwa wingi, na mwaka 1990 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuwalipa fidia. Mgodi wa wazi wenye upepo una nafuu kubwa. Lakini nafuu hiyo ithibitishwe kwa kifaa cha kupimia anachovaa kila mfanyakazi, pamoja na kibarua wa miezi mitatu.

Hatari ya tatu ndiyo inayoninyima raha kuliko zote: topesumu. Mwamba ukisagwa na kuoshwa kwa tindikali, urani huondolewa ikaenda zake sokoni, ikiwa unga wa njano ndani ya mapipa. Kinachobaki ni kama machicha ya pombe, mengi kuliko kilichokamuliwa, ila machicha haya hayalishwi nguruwe: yanabaki na takriban asilimia 85 ya mionzi yote iliyokuwa kwenye mwamba. Radiamu iliyomo huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Mgodi wenyewe unatarajiwa kufanya kazi miaka ishirini na kitu.

Mabwawa hupasuka. Julai 16, 1979, huko Church Rock, New Mexico, bwawa la topesumu la kiwanda cha urani lilibomoka, likamwaga zaidi ya tani 1,000 za mabaki na lita zaidi ya milioni 300 za maji yenye tindikali katika Mto Puerco. Hapa kwetu, Novemba 2022, kingo za bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, zilibomoka na tope likafunika nyumba na mashamba. Lile halikuwa na urani.

Kuna njia ya kukwepa bwawa: kuchimba visima, kusukuma tindikali chini ya ardhi, kisha kuivuta ikiwa imeyeyusha urani. Kampuni iliwahi kutaka kuitumia njia hii Mkuju, na UNESCO ikaeleza wasiwasi wake. Juu ya ardhi inapendeza, hakuna shimo wala mlima wa tope. Hatari inahamia kwenye maji ya chini ya ardhi, ambayo hakuna anayeyaona.

Na maji ya Mkuju yanakwenda wapi? Maji yake huishia Luwegu, Luwegu hukutana na Kilombero, na hapo huzaliwa Rufiji, mto unaozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere. Mkazi wa Songea mjini, anayetegemea vyanzo vya upande wa milima ya Matogoro, hayumo katika njia hiyo. Wa kuangaliwa kwanza ni wafanyakazi, kisha vijiji vya jirani kama Likuyu Sekamaganga, kisha wote walio chini ya mkondo.

Wakazi wa Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, nao wana mgodi wao wa kuuliza. Ng'ambo ya ziwa hilo, wilayani Karonga nchini Malawi, mgodi wa urani wa Kayelekera ulifungwa mwaka 2014 kwa sababu ya bei na kufunguliwa tena mwaka 2025. Ulipokuwa umefungwa, mmiliki wa wakati huo alimwaga maji ya bwawa, baada ya kuyatibu, katika kijito cha Sere, ambacho maji yake huishia ziwani. Mashirika ya kiraia yalilalamika. Ziwa ni kubwa mno kiasi kwamba mvuvi wa upande wetu hana sababu ya kuacha kula samaki; wenye haki ya kuuliza zaidi ni wanaochota maji kijitoni.

Upinzani wa wenyeji dhidi ya urani na vinu vya nyuklia si jambo geni. Wakulima wa mpunga wa Bahi, mkoani Dodoma, walikataa utafutaji wa urani kwenye mbuga zao. Uyombo, Kilifi, wakazi walikabiliana na polisi mwezi Mei 2024 wakipinga kinu cha nyuklia, na serikali ya Kenya sasa imeelekeza macho Siaya. Nchini Japani, Desemba 2025, watu waliandamana nje ya bunge la mkoa wa Niigata kupinga kuwashwa tena kwa Kashiwazaki-Kariwa, kituo kikubwa kuliko vyote duniani kwa uwezo wa kuzalisha umeme. Walioandamana walishindwa kwa kura za bunge hilo. Lakini walau palikuwa na kura.

Namtumbo hakuna kura, na sidhani kama wenyeji wote wangepinga. Ajira na barabara ni hoja pia. Kwa hiyo ningeshauri nguvu ziwekwe pale ambapo anayetaka mgodi na asiyeutaka wanaweza kusimama pamoja: vipimo vya mwanzo. Visima, mito na chemchemi za vijiji vya jirani vipimwe urani na radiamu sasa, mara moja mwishoni mwa kiangazi na mara nyingine mito ikiwa imejaa, kwa sababu majibu hutofautiana kwa msimu. Tume ya Nguvu za Atomiki ndiyo yenye dhamana ya kupima mionzi. Majibu yabandikwe ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, kisima kwa kisima, na nakala nyingine ikae mikononi mwa mtu asiye wa kampuni wala wa serikali.

Eneo lenye urani karibu na uso wa ardhi huweza kuwa na urani majini hata kabla ya mtu kuchimba. Kwa hiyo mwaka 2035 kisima kikikutwa na mikrogramu 40 kwa lita, kampuni itasema mwamba ulikuwa hivyo tangu enzi za mababu, na huenda ikawa inasema kweli. Kijiji kisicho na karatasi ya leo hakitakuwa na la kujibu.