Je, Wajua? Ua la watu wenye haraka

Je, wajua kwamba miongoni mwa tiba 38 za daktari Mwingereza Edward Bach, moja ni ya watu wasio na subira? Ili kuitengeneza, mwaka 1928, huko Wales, alichuma maua ya Impatiens glandulifera, mmea wenye asili ya Himalaya. Ganda lake la mbegu likikomaa, ukiligusa kidogo tu hupasuka na kurusha mbegu mita kadhaa.

Maua huwekwa yaelee juu ya maji ya chemchemi, yakaachwa juani kwa muda wa saa 3 hivi. Maji hayo huchanganywa na brandi kwa kiasi sawa, kisha huzimuliwa sana, hivyo asiyetumia kileo asome lebo kwanza. Tafiti zilizolinganisha tiba hizi na dawa bandia hazikuthibitisha kwamba zinaizidi. Kwa maoni yangu, kinachomtuliza anayekimbizana na simu na foleni ni ule muda wa kusimama na kuhesabu matone ya tiba hiyo, na muda huo hauuzwi dukani.

Jamaa wa mmea huo, Impatiens usambarensis, huota porini katika Milima ya Usambara, Tanzania. Bach hakuutumia.