Tuzo kuu ya roboti ambayo haiendi kwa mshindi

MASHINDANO ya roboti ya wanafunzi yanapokaribia tamati, anayeyashuhudia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mambo yamekwisha pindi tu fainali inapoamuliwa. Roboti za upande ulioshinda zimeshasimama uwanjani, mashabiki wameshangilia hadi sauti zimewakauka na mikono ya pongezi imepeanwa.

Lakini watu hawaondoki. Wangali wanasubiri tuzo moja iliyosalia, na timu itakayoitwa jukwaani kuipokea huenda ikawa ile ambayo roboti yake ilibanduliwa mapema, au hata iliyoshika mkia.

Ndivyo yalivyo mashindano ya kanda ya FIRST Robotics Competition, kinyang'anyiro cha wanafunzi wa umri wa shule za upili kilichoanzia Marekani na ambacho sasa hufanyika pia katika mataifa mengine, yakiwemo Kanada, Mexico, Uturuki na Australia. Zaidi ya timu 3,000 hushiriki kila msimu.

Kwa msomaji wa Kenya aliyezoea tamasha za muziki na drama, ambazo hupanda ngazi kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha kanda na hatimaye kitaifa, utaratibu wa kupigania tiketi ya kusonga mbele si mgeni. Kigeni ni huku kuwepo kwa njia mbili za kusonga: moja hupitia uwanjani, nyingine hupitia chumba cha majaji. Na waandalizi wenyewe huitukuza zaidi ile ya pili.

Shirika la FIRST liliasisiwa mwaka wa 1989 na Dean Kamen, mvumbuzi Mmarekani aliyejulikana kwanza kwa vifaa vya matibabu, ikiwemo pampu ndogo ya kutia dawa mwilini ambayo mgonjwa huweza kutembea nayo, na baadaye kwa kile chombo cha magurudumu mawili kiitwacho Segway. Lalama yake ilikuwa kwamba vijana wa nchi yake waliwahusudu wanaspoti na waigizaji, ilhali hawakumjua mwanasayansi hata mmoja kwa jina.

Dawa aliyoipendekeza ilikuwa kuazima mbwembwe za michezo. Akishirikiana na Woodie Flowers, profesa wa uhandisi katika chuo kikuu cha MIT aliyekuwa na sifa ya kuwafunza wanafunzi wake kwa kuwashindanisha kuunda mashine, alianzisha mchuano wa kwanza mwaka wa 1992. Timu 28 zilikutana katika ukumbi wa mazoezi wa shule moja ya upili mjini Manchester, jimbo la New Hampshire.

Kwa kawaida, kila Januari waandalizi hutangaza mchezo mpya ambao haujawahi kuchezwa. Timu hupewa kanuni, vipimo vya uwanja na orodha ya vipuri vinavyoruhusiwa, kisha huwa na wiki chache tu za kubuni, kukata vyuma, kuunganisha nyaya na kuandika programu kabla ya mashindano ya kanda kuanza.

Mwaka wa 2025, kwa mfano, mchezo ulihusu viumbe wa baharini. Roboti zilitakiwa kuokota vipande vya mabomba ya plastiki vilivyowakilisha matumbawe na kuvichomeka kwenye matawi ya mwamba wa kuigiza. Zilipaswa pia kuondoa mipira mikubwa iliyowakilisha mwani, na mwishoni kujining'iniza juu ya sakafu.

Uwanja una urefu wa takriban mita 16 na upana wa mita 8. Roboti tatu za upande mwekundu hukabiliana na tatu za upande wa buluu. Katika msimu huo wa 2025, mchuano mmoja ulidumu kwa dakika mbili na nusu pekee. Sekunde 15 za kwanza roboti zilijiendesha zenyewe kwa programu bila kuguswa na mtu. Zilizosalia ziliongozwa na wanafunzi waliosimama nyuma ya ukuta wakiwa na vidhibiti mkononi.

Hapa ndipo penye siri ya mashindano haya. Katika raundi za awali, timu haijichagulii wenzake. Ratiba hupangwa na kompyuta, na mshirika wako wa saa tatu asubuhi huenda akawa mpinzani wako saa nne. Anayemnyima jirani bisibisi leo anaweza kujikuta akimtegemea jirani huyo huyo kupata ushindi baada ya muda mfupi.

Ndiyo maana ukizunguka kwenye vibanda vya timu, ambavyo kila kimoja hakizidi sana mita tatu kwa tatu, utasikia vipaza sauti vikitangaza kwamba timu fulani inahitaji mota, mnyororo au fundi wa kuichunguza programu iliyogoma. Mara nyingi wanaofika mbio na kifaa hicho ni wale wale watakaopambana nayo uwanjani. Hata betri, ambayo ni ya volti 12 na ya aina ya zile zitumikazo katika mitambo ya kengele za usalama, huazimwa.

Flowers, aliyefariki mwaka wa 2019, aliupa mwenendo huo jina ambalo kwa Kiswahili laweza kuelezwa kama weledi wenye uungwana: shindana kwa nguvu zako zote, lakini mheshimu mpinzani na umsaidie. Kuna wanaouona kuwa maneno matamu ya jukwaani. Hata hivyo, kanuni za mchezo zimeundwa ili kuulipa uungwana huo kwa pointi. Katika msimu wa 2025, pande zote mbili za mchuano zilipoingiza idadi fulani ya mipira mahali palipotengwa, kila upande ulipunguziwa masharti ya kupata pointi ya ziada ya msimamo. Mpinzani aliyekusaidia hakupoteza, naye alifaidika.

Raundi za awali zikimalizika, timu nane zinazoongoza katika jedwali huwa manahodha na kuchagua washirika hadharani, zikiitana mbele ya umati. Timu ikikataa mwaliko, haiwezi tena kuchaguliwa na nyingine. Sheria hiyo ndogo imewatoa jasho vijana wengi, kwani uamuzi wa kujivuna au kukubali hufanywa na mwanafunzi aliyeshika kipaza sauti huku maelfu ya macho yakimtazama.

Hapo timu ambayo haikushinda mara nyingi, lakini roboti yake haiharibiki na hufanya jambo moja kwa uhakika, huweza kuchaguliwa na vigogo na kuishia fainali. Ndiyo sababu kila timu huwaweka wanafunzi kadhaa jukwaani kuandika takwimu za roboti zote siku nzima. Kazi hiyo haina shangwe, ila nahodha asiye na takwimu hizo huchagua kwa kubahatisha.

Wakati hayo yakiendelea uwanjani, majaji nao wanazunguka. Hawa si waamuzi wanaohesabu pointi na kupuliza vipenga. Ni wahandisi, walimu na wataalamu wengine waliojitolea, ambao hupita kibandani hadi kibandani wakiwauliza wanafunzi maswali. Mtu mzima akijaribu kujibu kwa niaba yao, huwa ameiponza timu yake.

Kutokana na mahojiano hayo hutoka tuzo za kiufundi: ya ubunifu, ya ubora wa uundaji, ya mifumo ya udhibiti na ya utendakazi wa roboti inapojiendesha yenyewe. Timu changa zina tuzo zao, ili zisimezwe na zile zenye uzoefu wa miaka 20. Ipo pia tuzo yenye jina la Flowers, iliyoanza kutolewa 1996, ambayo humwendea mtu mzima anayewalea wanafunzi kwenye timu. Wanaompendekeza ni wanafunzi wenyewe, kwa insha.

Tuzo nyingine huwatambua wanafunzi binafsi. Aidha, kuna ile iitwayo Engineering Inspiration, inayotuza timu iliyofanikiwa kueneza heshima ya uhandisi shuleni na mtaani kwao.

Juu ya zote hizo imekaa FIRST Impact Award, iliyoitwa Chairman's Award hadi msimu wa 2022. Jina lilibadilishwa kuanzia 2023 ili litaje kinachotuzwa, yaani mchango wa timu kwa jamii, badala ya kutaja cheo cha mtu.

Timu inayoiwania huandika insha na majibu mafupi kuhusu kazi yake: imeanzisha timu ngapi nyingine, imefundisha watoto wa wapi, imewafikiaje wasichana au jamii zilizoachwa nyuma, na wanafunzi waliopitia kwake wamefika wapi. Kisha wanafunzi wasiozidi watatu huingia katika chumba cha majaji na kujitetea. Mwalimu wao haruhusiwi kuwasaidia kwa neno.

Inayoshinda kwenye kanda hupata tiketi ya moja kwa moja ya fainali za dunia, hata kama roboti yake haikufua dafu uwanjani. Msimu wa 2021 ulionyesha jinsi tuzo hii isivyotegemea mchuano: janga la corona lilipozuia timu kukutana, mahojiano yalifanywa kwa njia ya video na washindi wakapatikana.

Mkenya aliyewahi kushiriki Kongamano la Sayansi, ambalo sasa hujulikana kama Kenya Science and Engineering Fair, ataitambua hali ya chumba kile. Huko pia mwanafunzi husimama kando ya kazi yake na kuulizwa maswali, na alama hutolewa si kwa chombo pekee bali pia kwa maandishi, kwa maelezo ya mdomo na kwa fikra za kisayansi. Tofauti ni kwamba katika Impact Award chombo chenyewe hakipimwi kabisa. Kinachopimwa ni kile ambacho timu imewafanyia watu wengine.

Mfumo huo una kasoro zake, na si ndogo. Ya kwanza ni majigambo. Timu iliyotembelea shule kwa saa moja ilikuwa ikiweza kuandika kwamba imeielimisha shule nzima. Ili kudhibiti hilo, waandalizi walilazimika kutoa fasiri rasmi ya maneno kama vile kuanzisha timu, kuilea na kuisaidia, na kuzitaka timu ziwe na ushahidi wa madai yao.

Ya pili ni pesa. Ada ya timu kushiriki mashindano yake ya kwanza katika msimu ilizidi dola 6,000 mwaka wa 2025, sawa na zaidi ya Sh770,000 za Kenya, kabla ya kununua vipuri zaidi, kusafiri na kulala hotelini. Shule yenye wadhamini wa viwandani huwa na karakana, mashine za kukatia vyuma na wahandisi wa kuwaelekeza watoto. Shule isiyo nao hubaki kuuza keki na kuosha magari ili kuchanga ada.

Mtu angetarajia tuzo ya mchango kwa jamii iwe kimbilio la timu hizo zisizo na mashine ghali. Wakati mwingine huwa hivyo. Lakini kuendesha kambi za likizo na kuanzisha timu katika miji mingine nako kwahitaji fedha na watu wazima wenye nafasi. Mwenye nacho huwa na njia mbili za kufika fainali, na maskini huwa ameongezewa nusu njia. Ni afadhali kuliko kutokuwa nayo.

Ya tatu ni lile swali lisilokwisha kuhusu nani hasa aliyeiunda roboti. Zipo timu ambazo wahandisi hufanya kazi bega kwa bega na wanafunzi, na zipo ambazo watu wazima hukaa kando kabisa. Waandalizi hawajaweka mstari, wakishikilia kwamba lengo ni kijana kuvutiwa na fani. Kwa aliyeshindwa na roboti iliyong'arishwa kama ya kiwandani, jibu hilo halimridhishi, na ni vigumu kumlaumu. Mahojiano ya majaji ndiyo angalau humfichua asiyejua kilicho ndani ya mashine yake.

Wazo la kutuza kisichoonekana kwenye ubao wa matokeo limefika mbali na Marekani. Kamen alipoanzisha mashindano ya mataifa ya FIRST Global mjini Washington mnamo Julai 2017, yakiwa na timu kutoka nchi zaidi ya 150, dhahabu ya jumla ilitwaliwa na timu ya bara Ulaya. Lakini kulikuwa pia na tuzo ya ujasiri, na waliotambuliwa ni Sudan Kusini, Oman na Afghanistan. Wasichana wa Afghanistan walikuwa wamenyimwa viza mara mbili na kuruhusiwa kuingia Marekani siku chache tu kabla ya mashindano kuanza.

Timu inayotwaa Impact Award katika kanda husafirisha roboti yake, nzuri au mbovu, hadi Houston, ambako fainali za dunia za FIRST Robotics Competition zimekuwa zikifanyika tangu michuano iliporejea 2022. Huko wanafunzi huingia tena katika chumba cha majaji, mbele ya watu wasiowajua, na kueleza upya kazi yao. Inayoshinda hapo jina lake huingizwa katika orodha ya heshima ya shirika hilo na kubaki humo.