Kwa Nini Lori Lisilozidisha Uzito Huzuiliwa Mizani

Mteja anayekodi lori la tela kusafirisha mahindi, saruji au mbao huuliza kwanza gari hilo hubeba tani ngapi. Swali hilo ni la haki, ila halitoshi. Mizani ya barabarani, kama ile ya Vigwaza au Mikumi, haipimi jumla ya uzito pekee. Hupima pia uzito unaoelemea kila kundi la ekseli. Ndiyo maana lori ambalo jumla yake haijafika kikomo laweza kuzuiliwa hadi mzigo upangwe upya, na ujira wa makuli pamoja na siku zilizopotea huishia katika bei anayolipa mteja.

Viwango vinavyotumika vimo katika Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019. Kwa lori la ekseli sita lililo la kawaida katika barabara zetu, ekseli ya usukani haipaswi kuzidi tani 8, ekseli mbili za nyuma za kichwa tani 18, na ekseli tatu za tela tani 24. Jumla ni tani 50. Sababu ya kupima ekseli moja moja ni kwamba lami huharibiwa na uzito wa kila ekseli inayopita juu yake. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uharibifu hukua kwa kasi kuliko uzito wenyewe: ekseli iliyozidishiwa asilimia 20 huumiza barabara takriban mara mbili.

Tuchukue mfano. Lori limepakia tani 30 za mahindi, na likiwa na mzigo huo lina tani 47. Mizani inasoma tani 6.8 kwenye usukani, 19.2 nyuma ya kichwa, na 21.0 kwenye tela. Jumla ni halali, lakini kichwa kimeelemewa kwa tani 1.2 huku tela likiwa na nafasi ya tani 3. Magunia yamerundikwa mno mbele.

Dawa yake ni hesabu ya mizani ya kawaida, ile ya ubao na egemeo. Kama umbali kutoka pini inayounganisha tela na kichwa hadi katikati ya ekseli za tela ni mita 8, kuhamisha magunia 20 ya kilo 100 kutoka mbele kwenda nyuma kwa mita 6.4 kutaondoa tani 1.6 kwenye kichwa na kuzipeleka kwenye ekseli za tela. Mizani itasoma takriban 6.6, 17.8 na 22.6, na lori litapita.

Baadhi ya vichwa vina sahani ya kuunganishia tela inayoweza kusogezwa. Ikisogezwa mbele, uzito huhama kutoka ekseli za nyuma za kichwa kwenda usukani. Katika mfano wetu, kuisogeza sentimita 26 kungeleta tani 8.0 na 18.0 kamili, yaani bila akiba hata kidogo. Mafuta ya kujaza tangi njiani, ambayo lita 400 zake huzidi kilo 330, yangetosha kuharibu hesabu. Tena njia hii haiongezi hata kilo moja kwenye tela, ambako ndiko kwenye nafasi. Kazi hiyo ifanywe na fundi, gari likiwa limesimama mahali tambarare. Kwa maoni yetu, kupanga mzigo vizuri tangu ghalani ni bora kuliko kuhangaika na sahani barabarani.

Springi iliyovunjika, mfuko wa hewa unaovuja au ekseli ya tela iliyoachwa imenyanyuliwa pia huvuruga mgawanyo, hata mzigo ukiwa umepangwa kwa ustadi.

Hapa lumbesa nayo huleta hasara isiyosemwa sana. Sheria ya vipimo hairuhusu mazao yafungashwe kwa zaidi ya kilo 100. Gunia linalohesabiwa kilo 100 huku likiwa na 130 humfanya mpakiaji akosee kila hesabu tuliyoeleza: magunia 300 ya namna hiyo ni tani 39, si 30.

Kabla ya kulipa, mteja amwombe msafirishaji uzito wa gari tupu kwa kila kundi la ekseli, na apime magunia machache mwenyewe. Katika mkataba iandikwe nani atalipia kupanga upya mzigo iwapo lori litazuiliwa: aliyepakia, au mwenye gari. Kisha adai nakala ya tiketi ya mizani ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha ekseli ipi ilizidi na kwa kilo ngapi.