Lengo la mwezi ni siku ya kulisoma

Mwanzo wa mwezi una nguvu zake. Tarehe mosi mtu anajiambia mwezi huu atapunguza chumvi, ataacha pombe, ataweka akiba au atalala mapema. Watafiti Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walieleza mwaka 2014 kwamba watu huwa wepesi zaidi kuanza jambo jema pale muda unapoonekana kuanza upya: wiki mpya, mwezi mpya, mwaka mpya, hata siku ya kuzaliwa. Mtu huhisi kwamba makosa ya nyuma ameyaacha upande wa pili wa kalenda.

Shida huanza katikati ya mwezi. Muulize mtu tarehe 20 lengo lake limefika wapi, atacheka kwanza. Tarehe 30 hata yeye mwenyewe hajiulizi. Mwezi mpya ukiingia anaandika lengo lile lile, kana kwamba hajawahi kuliandika.

Kwa baadhi ya familia jambo hili halina mzaha. Chukua mfano wa baba wa Korogwe aliyepimwa na kuambiwa ana shinikizo la damu. Amepewa dawa za mwezi, ameshauriwa apunguze chumvi na atembee kwa miguu. Wiki ya kwanza anazitii zote. Wiki ya tatu anajisikia mzima, kidonge kinasahaulika leo na kesho, na dawa zikiisha harudi kuchukua nyingine. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili, kwa hiyo kujisikia mzima si ushahidi wa chochote. Wengi hugundua wamekwenda mbali siku ya kiharusi, na hapo mke na watoto ndio wanaobeba mzigo.

Baba huyu hakukosa lengo. Alilipewa na alilikubali. Alichokosa ni siku ya kulisoma.

Utafiti unasema nini

Mwaka 2016, Benjamin Harkin wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, na wenzake walikusanya majaribio 138 yaliyohusisha watu karibu 20,000. Walitaka kujua kama kufuatilia lengo kunasaidia kulifikia. Jibu lilikuwa ndiyo. Tena faida ilikuwa kubwa zaidi pale mtu alipoandika maendeleo yake, au alipoyatoa mbele ya wengine, kuliko alipoyaweka kichwani.

Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na kwa mkazi wa Korogwe au Handeni, daftari la namna hiyo si jambo geni. Tunaishi nalo kwa sura tatu: kadi ya kliniki, kipande cha mkonge na daftari la kikoba. Kila moja lina somo lake kwa anayetaka kujirekebisha mwezi kwa mwezi.

Kadi ya kliniki: tazama mstari

Asubuhi ya siku ya kliniki, kuanzia Magunga mjini Korogwe hadi kwenye zahanati za vijiji vya Handeni, akina mama hupanga foleni na kadi mkononi. Mtoto huvuliwa nguo, huwekwa kwenye mzani, muuguzi huweka nukta kwenye kadi na kuiunganisha na nukta ya mwezi uliopita.

Muuguzi mzoefu haridhiki na nukta moja. Mtoto mwembamba ambaye mstari wake unapanda kila mwezi anaweza kuwa salama. Mtoto mnene kuliko yeye, ambaye uzito wake umesimama pale pale kwa miezi kadhaa, ndiye anayemfanya muuguzi aanze kuuliza: anakula nini, aliharisha lini, nani anabaki naye mama akienda shamba?

Hivyo ndivyo lengo la mtu mzima linavyotakiwa kusomwa. Ukitaka kulala saa 4 usiku na mwezi huu umefanikiwa siku 12 tu, swali la kwanza ni mwezi uliopita zilikuwa ngapi. Kama zilikuwa tano, mstari wako unapanda. Kama zilikuwa 20, kuna kitu nyumbani au kazini kimebadilika na kinahitaji kuulizwa. Kujilinganisha na jirani hakukusaidii, kwa sababu kadi ya jirani ina mtoto mwingine.

Kipande: hesabu siku zilizofanyika

Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na baadaye mashamba yake yakatanda hadi Ngombezi, Hale na Magoma. Wazee waliokulia kwenye kambi za mashamba hayo wanalijua neno kipande. Ilikuwa kadi ya kazi yenye nafasi za siku 30. Mfanyakazi alipewa ngwe yake, akiimaliza siku yake inaandikwa. Asiyemaliza, au aliyelala na homa, siku yake haikuandikwa. Kadi ilipojaa ndipo alipolipwa.

Kwa hiyo mwezi wa kipande haukuwa mwezi wa kalenda. Ulikuwa siku 30 zilizofanyiwa kazi, hata kama zilichukua wiki sita.

Kipande kilikuwa cha mwajiri, na manamba wengi waliotoka mbali kuja kukata mkonge walikiona kama mnyororo. Hakuna sababu ya kukipamba. Lakini hesabu yake inafaa kuazimwa na mtu aliyejipangia kazi mwenyewe. Kipande kilihesabu siku zilizofanyika, na siku iliyokosekana haikufuta zile zilizokwisha kuandikwa.

Wengi wetu tunahesabu kinyume. Tunakazana siku tisa, tunakosa ya kumi, halafu tunasema mwezi umeharibika, tusubiri tarehe mosi. Kwa waliofunga Ramadhani hoja hii haihitaji maelezo: aliyeugua au aliyekuwa safarini akala, hulipa siku zake baadaye, na zile alizofunga zinabaki kuwa zake.

Hata sayansi iko upande huo. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, kama kula tunda au kufanya mazoezi kila siku. Kwa wastani ilichukua siku 66 tabia kuwa ya kawaida, lakini tofauti ilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Pia waliona kwamba kukosa siku moja hakukuharibu safari nzima.

Namba hizo zinaeleza jambo ambalo watu wengi hawaambiwi: mwezi mmoja mara nyingi hautoshi kuijenga tabia. Mwezi unatosha kuianza, kuisoma na kuirekebisha. Ukifika tarehe 30 bado unajilazimisha, hujashindwa. Uko nusu ya njia.

Daftari la kikoba: macho ya wenzako

Sura ya tatu iko chini ya mwembe au barazani kwa mwenyekiti, siku ya kikoba. Mwanachama anajua siku yake ya kununua hisa. Daftari linafunguliwa mbele ya wote, na sanduku lina kufuli zaidi ya moja ili funguo zisikae kwa mtu mmoja. Mama ambaye peke yake nyumbani asingeweza kuweka shilingi elfu mbili bila kuzigusa, kikundini anaweka wiki baada ya wiki. Kipato chake ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba kuna watu wanaosubiri kusikia jina lake.

Lengo la afya nalo linahitaji msikilizaji. Si lazima litangazwe mtaani wala kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mtu mmoja anatosha: mke, mume, dada, shoga wa karibu, binti aliye sekondari anayejua kuandika vizuri. Kazi yake ni ndogo, kuuliza siku iliyokubaliwa. Achaguliwe mtu asiyekejeli, kwa sababu anayedhihakiwa mara moja hujifunza kudanganya mara ya pili.

Namna ya kuanza

Chagua lengo moja. Anayetaka kuacha pombe, kupungua kilo kumi, kuswali au kusali kwa wakati, kuweka akiba na kujifunza Kiingereza kwa mwezi mmoja, amejipangia ngwe tano kwa panga moja.

Andika tendo, usiandike matokeo. "Nipungue kilo tatu" liko nje ya mikono yako kwa kiasi fulani. "Nitembee dakika 30, siku tano kwa wiki" liko mikononi mwako, na linakufikisha kwenye dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kama kiwango cha chini kwa mtu mzima. Vivyo hivyo "nipunguze presha" ni kazi ya dawa na mwili. "Nimeze kidonge kila asubuhi, na chumvi isiwekwe mezani" ni kazi yako. Shirika hilo linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, ikiwa ni pamoja na ile iliyokwisha kutiwa kwenye mchuzi na dagaa.

Lifunge tendo kwenye jambo ambalo tayari hufanyika. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kuwa mtu hutekeleza zaidi akishapanga hali na tendo kwa pamoja: likitokea hili, nitafanya lile. Baba yetu wa Korogwe aseme, "Nikishaweka kikombe cha chai chini, nameza kidonge." Kijana wa bodaboda pale Chanika, Handeni, aseme, "Nikimshusha abiria wa kwanza, natenga mia tano kwenye kopo." Chai na abiria vitamkumbusha bila kengele.

Angalia msimu. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mkulima wa Handeni yuko shambani tangu alfajiri na akirudi amechoka. Kumpangia mbio za jioni ni kumtafutia aibu. Mwezi huo lengo lake linaweza kuwa kunywa maji ya kutosha akiwa kazini, au kuhakikisha watoto wote wanalala ndani ya chandarua.

Weka alama mahali panapoonekana. Kalenda ya ukutani inatosha. Chora mkwaju kwenye kila siku iliyofanyika. Asiye na kalenda achore viboksi 30 nyuma ya daftari la mtoto na kukibandika kikaratasi hicho kando ya kioo.

Siku ya kusoma

Hii ndiyo sehemu inayorukwa na ndiyo yenye faida kubwa. Teua siku moja ya mwisho wa mwezi, mkae dakika kumi na yule msikilizaji wako. Aliye kwenye dawa aifanye siku yake ya kliniki kuwa ndiyo hiyo, ili kalenda na kipimo visomwe pamoja. Maswali ni matatu.

La kwanza, siku ngapi zimefanyika, na mwezi uliopita zilikuwa ngapi? La pili, siku zilizokosekana zinafanana nini? Mara nyingi zina sura moja: siku za gulio, siku za msiba, siku mtu amelala kwa ndugu, siku dawa zilipoisha. La tatu, mwezi ujao nibadilishe kitu gani kimoja? Kama vidonge husahaulika kila ukisafiri, lengo jipya si kujitahidi zaidi. Ni kuweka vidonge vya siku mbili kwenye mkoba wa safari.

Swali la pili lina uzito wake hospitalini pia. Mgonjwa anayemwambia mhudumu, "Nimekosa siku nane, na zote ni siku nilizofanya kazi usiku," anampa mhudumu huyo kitu cha kushughulikia. Anayesema "nakunywa tu" anampa namba ya presha isiyo na maelezo. Na dawa isipunguzwe wala kuachwa nyumbani kwa sababu kipimo kimekuwa kizuri. Mara nyingi kipimo ni kizuri kwa sababu dawa inatumika.

Lipo jambo moja ambalo kalenda inaweza kulionyesha na si la kujilaumu. Ukiona wiki mbili au zaidi huna hamu ya chochote, usingizi umekimbia au umezidi, chakula hakipiti na hata mambo uliyoyapenda yamekuwa mzigo, usiandike lengo jipya. Nenda kituo cha afya ukaeleze. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona, na una matibabu.

Kwa wanandoa kuna tahadhari nyingine. Lengo la mwezi ni la mwenye nalo. Mume anayemwandikia mkewe "apungue" na kumsomea kalenda amerudisha kipande cha mwajiri ndani ya nyumba. Mke akitaka mumewe apunguze pombe, aanze kwa kumuuliza yeye angependa kubadilisha nini mwezi huu, kisha alishike hilo hilo hata kama si la kwanza kwenye orodha yake.

Mwezi huu ukiwa umebakiza siku chache, usisubiri tarehe mosi. Kipande kinaweza kuanza Jumatano yoyote. Tafuta karatasi, chora viboksi 30, andika tendo moja juu yake, mwambie mtu mmoja, na mkubaliane kabisa siku ambayo mtakaa kuisoma.