Ndege za Vita Juu ya Viwanja vya Michezo

Wasomaji wetu wa Mirongo na pande zote za Ziwa ni wapenzi wa mpira, na wengi wameona katika televisheni jinsi ndege za vita zipitavyo juu ya uwanja kabla ya mchezo kuanza. Twapenda kueleza maana ya jambo hili na namna lifanywavyo.

Desturi hii ni ya zamani. Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa haijaisha, ndege za jeshi la Marekani ziliruka juu ya kiwanja cha besiboli mjini Chicago. Kwetu Tanzania ndege za Jeshi huonekana zaidi katika sikukuu ya Uhuru, ambayo mara nyingi imefanywa katika viwanja vya mpira. Nia ni moja: kuwaonyesha raia ustadi wa jeshi lao.

Kazi yenyewe ni ya hesabu. Ndege iendayo mita 200 kwa sekunde hukata kilometa 12 kwa dakika moja. Basi rubani atakaye kufika wimbo wa taifa uishapo huzunguka mbali, akisikiliza habari za uwanjani kwa redio, na dakika moja kabla ya wimbo kwisha hana budi awe kilometa 12 kutoka hapo. Tena sauti huenda kiasi cha mita 340 tu kwa sekunde. Ndege iliyo mbali kilometa moja, mlio wake hutufikia baada ya sekunde tatu hivi, nayo imekwisha kwenda mita 600 mbele. Ndiyo sababu mtu hutazama upande mlio utokako, asione kitu.

Hapa Mwanza mlio huo una kumbukumbu yake. Machi 1979, katika Vita ya Kagera, ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Idi Amin, ilikuja kuupiga mji huu kwa mabomu. Mabomu yaliukosa mji, yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama. Mzee aliyekuwapo siku zile, akisikia ngurumo ya ghafula, atajuaje kwamba ni shangwe wala si hatari?

Kwa hiyo twaona yapasa habari itangulie ndege. Siku na saa zikijulikana, wenyeviti wa mitaa na wa vijiji wawatangazie watu, walimu wawaeleze watoto, na wenye mifugo waiweke karibu. Wahenga walisema: mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Lililo jema ni watu kuambiwa mapema jambo lenyewe ni lipi.