Wilaya 60B: Uchaguzi Unaokwisha Agosti

Phyllis Kahn aliingia Baraza la Wawakilishi la jimbo la Minnesota Januari 1973, mwaka ule ule maghorofa marefu ya Riverside Plaza yalipofunguliwa katika mtaa wa Cedar-Riverside, Minneapolis. Alikuwa na shahada ya uzamivu ya biofizikia kutoka Yale, na wanawake waliochaguliwa kwenye baraza hilo safari hiyo walikuwa sita tu. Alikaa miaka 44. Katika muda huo maghorofa yale yalibadilisha wapangaji, yakawa makazi makubwa ya Wasomali nchini Marekani, wengi wao wakiwa wamepitia Kenya kabla ya kuvuka bahari. Wapangaji wapya wakapata uraia. Raia wapya wakaanza kupiga kura.

Minnesota ina wilaya 67 za Seneti, na kila moja hukatwa vipande viwili, A na B, ndiyo maana Baraza la Wawakilishi lina viti 134. Kipande cha 60B kinachukua Chuo Kikuu cha Minnesota na mitaa inayokizunguka, pamoja na Cedar-Riverside yenyewe. Mipaka huchorwa upya kila baada ya sensa ya miaka 10, na namba hubadilika; Kahn aliwakilisha upande huo kwa namba nyingine kabla ya kufika 60B katika mgawanyo wa 2012.

Hapo ni ngome ya DFL, jina ambalo chama cha Democratic hutumia Minnesota tangu kilipoungana na chama cha wakulima na wafanyakazi mwaka 1944. Mgombea wa Republican hushindwa kwa tofauti kubwa mno, kiasi kwamba kura ya Novemba huthibitisha tu kilichoamuliwa mapema. Uamuzi wenyewe hufanyika Agosti, kwenye kura za mchujo, wakati wanafunzi wengi wako likizo na wakazi wengi hawajui kama kuna uchaguzi. Mshindi hahitaji nusu ya kura. Anayewazidi wenzake ndiye anayepita, na hakuna duru ya pili.

Kabla ya mchujo kuna hatua nyingine. Mwanzoni mwa mwaka wa uchaguzi wanachama hukutana mtaa kwa mtaa na kuchagua wajumbe, kisha wajumbe hukaa mkutano mkuu wa wilaya. Atakayepata asilimia 60 ya kura za wajumbe anabeba baraka rasmi za chama. Msomaji aliyezoea kura za maoni za CCM, ambako vikao vya juu vinaweza kumwacha aliyeongoza na kumteua mwingine, aione tofauti hii: Minnesota hakuna kamati inayoweza kumwondoa aliyeshinda mchujo, na aliyenyimwa baraka za chama bado ana haki ya kuwaendea wapiga kura wenyewe.

Kahn hakuwa mbunge wa kudharauliwa. Jina lake limo katika sheria ya 1975 ya kudhibiti uvutaji sigara ndani ya maeneo ya umma, iliyoiweka Minnesota mbele ya majimbo mengine. Aliwahi hata kupendekeza umri wa kupiga kura ushushwe hadi miaka 12. Mtu wa namna hiyo hang'olewi na bahati, na waliomwondoa walijiandaa kwa miaka.

Mwaka 2010 Hussein Samatar alichaguliwa kwenye bodi ya shule za Minneapolis, Msomali wa kwanza kushinda wadhifa wa kuchaguliwa Minnesota. Mwaka uliofuata Mohamud Noor aligombea kiti cha Seneti kilichoachwa wazi katika eneo hilohilo, akashika nafasi ya pili nyuma ya Kari Dziedzic. Mipaka ya kata za jiji ilipochorwa upya 2012, Wasomali walihudhuria vikao vya mgawanyo na kudai ramani ambayo haitawatawanya. Mwaka 2013 Abdi Warsame akashinda Kata ya 6 na kuingia baraza la jiji. Vikao vile vya ramani havina mvuto, wala hakuna anayepiga picha kuzituma nyumbani. Ila bila ya kuvihudhuria, historia ya Cedar-Riverside ingechelewa sana.

Februari 2014 Noor alipomkabili Kahn, mambo yalichafuka. Mkutano wa mtaa wa Cedar-Riverside ulivunjika kwa ugomvi, na miongoni mwa walioumizwa alikuwa Ilhan Omar, msaidizi wa diwani mmoja. Mkutano mkuu wa wilaya nao ukashindwa kumpata mwenye asilimia 60. Agosti ile Kahn alibaki na kiti kwa takriban asilimia 54 ya kura.

Miaka miwili baadaye walikuwa watatu: Kahn, akiwa na umri wa miaka 79, Noor, na Omar mwenyewe. Kwenye mkutano wa Aprili Omar aliongoza kwa zaidi ya nusu ya wajumbe, asifikie 60. Wakaenda mchujo. Tarehe 9 Agosti 2016 alipata kiasi cha asilimia 41, na wenzake wawili wakagawana iliyobaki karibu sawa kwa sawa, Noor akimtangulia Kahn kidogo. Kura zote hazikutimia 6,000.

Hesabu hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu wengi husimulia ushindi ule kana kwamba kabila moja lilijipanga nyuma ya mtu wake. Haikuwa hivyo. Kura za Wasomali zilikuwa na wagombea wawili wa kuzigombania, na Omar asingeshinda kwa sehemu yake peke yake. Kampeni yake iliwatafuta wanafunzi wa chuo na wakazi wazungu wa siku nyingi, mlango kwa mlango, pamoja na akina mama wa maghorofani. Huko ndiko alikojenga ile asilimia 41. Novemba haikuwa na mashaka: hata mpinzani wake wa Republican, Abdimalik Askar, alikuwa Msomali, naye alikwishasitisha kampeni huku jina lake likibaki kwenye karatasi. Omar akaapishwa Januari 2017, Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Somalia kuwa mbunge wa jimbo.

Alikaa muhula mmoja tu. Juni 2018 mbunge Keith Ellison aliacha kutetea kiti chake cha Baraza la Wawakilishi la Washington ili agombee uanasheria mkuu wa Minnesota. Omar akagombea kiti hicho cha Washington na kushinda. 60B ikawa wazi, na Noor, aliyekwishashindwa mara tatu katika mitaa hiyo, akapita kwenye mchujo wenye wagombea wengi. Amekuwa akirudishwa tangu hapo. Mwaka huohuo Hodan Hassan alichukua wilaya jirani ya 62A, na 2020 Omar Fateh akachaguliwa Seneti ya jimbo.

Kwa jamii zetu nyingine zinazozungumza Kiswahili, Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania waliopata uraia, milango ni ileile. Minnesota huruhusu raia kujiandikisha siku yenyewe ya uchaguzi, mchujo ukiwemo, akiwa ametimiza miaka 18 na kuishi jimboni siku 20. Asiye na hati ya kuonyesha anakoishi anaweza kuthibitishwa kwa kiapo na mpiga kura aliyesajiliwa katika eneo lake la kupigia kura, na mpiga kura mmoja anaweza kuwathibitisha hadi watu wanane. Hakuna kadi ya chama inayodaiwa mlangoni. Mtu huchagua safu ya chama kimoja kwenye karatasi na kubaki ndani yake. Viti vyote 134 hugombewa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na mchujo wake huangukia Jumanne ya pili ya Agosti.